Maswali ya Wasomaji: Gari Linapolia Likivuta Boti

Tumekusanya hapa barua za wasomaji wanaovuta boti ndogo kwa tela na kusikia milio wasiyoielewa. Ombi moja kwa watakaotuandikia tena: tuambieni mlio unafuata nini. Kuna mlio unaofuata mwendo wa magurudumu, kuna unaofuata mzunguko wa injini, na kuna unaotokea tu pale mzigo unapovutwa au kusukumwa. Neno "kelele kwa nyuma" peke yake halitufikishi popote, maana sauti ya tela hupita kwenye chuma cha kuvutia, ikaingia kwenye bodi, ikasikika kama iko chini ya kiti chako.

Mvumo unaopanda na mwendo

*Ndugu mafundi, navuta boti ya faiba ya mita tano kwenye tela la ekseli moja. Nikifika kilomita 50 kwa saa naanza kusikia mvumo mzito kwa nyuma, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo unavyozidi. Nikitoa mguu kwenye mafuta haupungui. Gereji wameniambia nibadilishe beringi za nyuma za gari. Nibadilishe?* — Msomaji mwenye pikapu

Usibadilishe bado. Kwa kuwa mvumo haupungui ukitoa mguu kwenye mafuta, injini karibu imeshajitoa. Ukitaka uhakika, tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na mteremko wala magari mengi, uweke gia huru kwa sekunde chache injini ikiwa bado inawaka. Mzunguko wa injini utashuka. Mvumo ukibaki palepale, unatoka kwenye kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu.

Kisha vua tela na urudie barabara ileile kwa mwendo uleule. Mvumo ukitoweka, wengi huishia hapo na kulihukumu tela, ilhali kuna mtego. Beringi ya nyuma ya gari iliyoanza kuchoka huweza kunyamaza gari likiwa tupu na kulia likipata uzito. Kwa hiyo weka nyuma kabisa ya pikapu uzito unaolingana na ule ambao tela huukalisha kwenye tufe la kuvutia (lile duara la chuma nyuma ya gari), urudie tena. Kwa tela la boti, uzito huo huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa tela na boti pamoja. Boti na tela vya kilo 800 vinakupa kilo 40 hadi 80. Mvumo ukirudi, gereji yako imesema kweli. Usiporudi, nenda kwenye tela.

Sisi tungeweka dau kwenye tela. Tairi la pikapu hutembea takriban mita 2.1 kwa mzunguko mmoja, lakini tairi dogo la tela lenye rimu ya inchi 8 hutembea mita 1.3 tu. Kwa kilomita 80 kwa saa, gurudumu la gari linazunguka mara 10 na nusu kwa sekunde, la tela mara 17. Beringi zake ni ndogo, zinazunguka kwa kasi zaidi, na juu ya hayo huzamishwa majini kila safari.

Kuzamishwa huko ndiko kunakoziua. Ukifika ufukweni haba, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, ina joto na hewa iliyo ndani imetanuka. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hewa inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia mdomo wa sili, ile raba inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie. Grisi inageuka nyeupe, roli za beringi zinapata kutu, na kila kishimo kilicholiwa na kutu ni kama tuta dogo linalogongwa mamia ya mara kwa dakika. Huo ndio mvumo wako. Ukifika, subiri nusu saa hivi haba zipoe kabla ya kushusha boti. Fungua mikanda na panga vifaa wakati huo.

Kupima: endesha kilomita 20, simama taratibu bila kukandamiza breki, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila haba kabla ya kugusa. Uvuguvugu ni kawaida. Haba usiyoweza kuishikilia, au moja kuwa moto kuliko mwenzake waziwazi, inataka kufunguliwa. Baadaye, tela likiwa bado limefungwa kwenye gari na magurudumu yote mengine yamewekewa kigingi, inua upande mmoja kwa jeki chini ya ekseli, karibu na springi. Usiinue katikati, ekseli itapinda. Weka stendi. Shika tairi juu na chini ulitikise: mchezo (ulegevu) kidogo sana unaohisika kwa shida ni sawa, mchezo unaouona kwa macho si sawa. Halafu lizungushe kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa juu ya springi. Beringi iliyoharibika utaihisi kwenye kiganja kabla ya kuisikia.

Ukifungua, safisha roli kwa mafuta ya taa, zikauke, uangalie. Vishimo vyeusi ni kazi ya maji. Rangi ya bluu ni joto lililopita kiasi. Kwa hali yoyote kati ya hizo badilisha beringi pamoja na ringi yake ya nje iliyobanwa ndani ya haba, kwani roli mpya juu ya ringi ya zamani haidumu. Sili mpya ni lazima kila unapofungua. Grisi iwe ya baharini inayostahimili maji, na usiichanganye na ya zamani ya aina nyingine: futa yote. Isukume kwa kiganja kutoka upande mpana wa beringi mpaka itokeze upande mwembamba, kuzunguka mduara wote. Kupaka kwa nje tu ni bure.

Kukaza nati ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Kwa beringi za roli zenye umbo la koni, kaza kwa takriban Nm 65 hadi 70 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) huku ukizungusha haba ili kila kitu kikae mahali pake. Legeza kabisa. Kisha kaza kwa vidole tu, bila spana. Tundu la pini lisipolingana, legeza hadi tundu la karibu, usikaze. Ikikazwa sana, beringi hupata moto na kuungua njiani. Ila kama haba ina beringi ya pakiti moja iliyofungwa kiwandani, hii haina marekebisho: nati yake hukazwa kwa nguvu kubwa iliyoandikwa na mtengenezaji na haitumiwi mara mbili.

Kuna vifuniko vya haba vyenye springi na chuchu ya grisi, vinavyoweka msukumo mdogo ndani ili maji yasiingie. Ni vizuri, lakini acha kupiga grisi pale sahani ya springi inapoanza kusogea nje. Ukizidisha, sili ya nyuma inasukumwa na grisi inaishia kwenye breki.

Boti inayoimba

*Kila nikipita kilomita 70 kwa saa kuna sauti nene ya "vuuu" inayotikisa hadi dirisha. Chini ya hapo hakuna kitu. Fundi amepima magurudumu yote na hakuona kosa.* — Msomaji wa boti ya uvuvi

Angalia mikanda iliyofunga boti. Mkanda bapa uliovutwa sana na kukatiza upepo hutetemeka na kuvuma, na boti yenyewe inakuwa sanduku la kukuza sauti. Ufungue, uupinde mara moja au mbili kati ya ndoano na ndoano, ukaze tena. Ukitaka uthibitisho kabla ya kugusa kitu, pita barabara ileile siku ya upepo wa kutoka ubavuni: sauti itaanza kwa mwendo tofauti, jambo ambalo beringi haiwezi kufanya. Turubai lililolegea nalo hulia, lakini lake ni la kupigapiga.

"Ko!" ukiondoka, "ko!" ukisimama

*Nimenunua tela lililotumika. Nikiondoka nasikia "ko" moja, nikifunga breki "ko" nyingine kubwa zaidi. Muuzaji alisema tela zote ziko hivyo. Nina wasiwasi na mifupa ya gari.* — Msomaji mpya wa tela

Mguso mdogo ni kawaida. "Ko" unayoihisi mgongoni si kawaida, na muuzaji alikuwa na haraka ya kuuza.

Mchezo unaweza kuwa sehemu tatu. Mwombe mtu asogeze gari mbele na nyuma kidogo kidogo, kama upana wa kiganja, wewe ukiwa umesimama pembeni, kamwe si katikati ya gari na tela. Tazama ni wapi chuma kimoja kinatembea kabla ya kingine.

Mahali pa kwanza ni tufe na kikombe kinacholifunika. Soma kipimo kilichogongwa juu ya tufe na juu ya kikombe; lazima vilingane. Vipimo vinavyokutana mara nyingi ni milimita 50, inchi 1 na 7/8 ambayo ni milimita 47.6, inchi 2 yaani 50.8, na inchi 2 na 5/16 yaani 58.7. Kikombe cha inchi 2 juu ya tufe la milimita 50 kitafunga na kugonga. Juu ya tufe la 47.6 kitaonekana kimefunga, lakini kwenye tuta kinaweza kuchomoka na tela likaenda zake. Kinyume chake, kikombe cha milimita 50 hakikai vizuri juu ya tufe la inchi 2, hata ukikipiga nyundo. Usikipige.

Vipimo vikilingana, pima unene wa tufe kwa vernia (kipimo chenye taya) pande kadhaa. Tufe la milimita 50 lililolika likafika 49 mahali popote limekwisha. Likiwa zima, geukia chini ya kikombe: vingi vina nati ya kurekebisha ulimi unaobana tufe. Ikaze nusu mzunguko, funga wenzo, jaribu tena. Wenzo ufunge kwa nguvu ya mkono. Ukihitaji kuukanyaga umekaza mno. Paka grisi kidogo juu ya tufe, isipokuwa kikombe chako kina vipande vya msuguano vya kuzuia tela kuyumba. Hivyo hutaka tufe kavu, lisilo hata na rangi.

Mahali pa pili ni pale chuma kinachobeba tufe kinapoingia kwenye mrija wa mraba chini ya gari. Pini yake haibani, inazuia tu kisichomoke. Kifungio cha umbo la U kinachovuta vyuma hivyo viwili pamoja kinamaliza kelele hiyo.

Mahali pa tatu, na kwa kuwa yako inazidi ukifunga breki tunapashuku zaidi, ni breki ya kujisukuma, ile ambayo tela likikimbilia gari shafti inaingia ndani na kuvuta nyaya za breki. Ndani yake kuna shokapu. Vuta breki ya mkono ya tela, rudisha gari nyuma taratibu mpaka shafti iingie ndani, kisha achia msukumo. Inatakiwa itoke yenyewe polepole. Ikibaki ndani au ikichezacheza bila ukinzani, shokapu imekufa na shafti inagonga mwisho wake kila unaposimama. Kabla ya kununua shokapu, rekebisha breki za magurudumuni, kwa sababu breki zilizolegea huifanya shafti isafiri hadi mwisho hata kama shokapu ni nzima. Hapa mafundi wengi huanzia mwisho.

Kelele za mlimani

*Pikapu yangu ya dizeli ikipanda mlima na boti, baada ya dakika kadhaa mbele kunaanza mvumo mkubwa wa upepo. Nikifika juu unaisha wenyewe. Ndugu yangu anavuta boti kama yangu kwa gari la petroli, lake halivumi ila linatoa mlio kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo. Yupi ana tatizo?* — Msomaji na mdogo wake

Mdogo wako.

Mvumo wako ni feni ya redieta yenye klachi ya majimaji mazito. Hewa inayotoka kwenye redieta ikipata joto, klachi inashika na feni inazunguka kwa nguvu. Hewa ikipoa inaachia. Utaisikia pia kwa dakika moja hivi ukiwasha gari lililolala usiku. Ungekuwa na tatizo kama ingevuma wakati wote, au kama isingevuma kamwe huku mshale wa joto unapanda. Injini ikiwa imezimwa na baridi, zungusha feni kwa mkono: iwe na uzito, izunguke kidogo na kusimama. Ikizunguka huru mara nyingi, au kukiwa na michirizi ya mafuta katikati ya klachi, ibadilishe. Onyo: tunasema feni inayoendeshwa na mkanda. Ile ya umeme usiiguse hata funguo ikiwa mfukoni, huweza kuwaka yenyewe.

Sarafu za mdogo wako ni petroli inayolipuka kwa pigo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio. Pigo hilo likiendelea hupasua ringi za pistoni na hata kutoboa pistoni. Dawa ya papo hapo ni kupunguza mafuta na kushusha gia ili injini izunguke 2,500 hadi 3,500 kwa dakika. Kung'ang'ania gia kubwa injini ikiwa 1,500 chini ya mzigo ndiko kunakoleta mlio mara nyingi. Mlio ukiendelea hata hivyo, aweke petroli ya okteni inayotakiwa na kitabu cha gari, kisha akague joto la injini, plagi za aina isiyo sahihi, na kihisi cha kugonga (kinachoiambia injini kuwa mapigo hayo yameanza) kilichokufa au waya wake uliooza. Injini ya zamani isiyo na kihisi hicho itahitaji kupimwa taimingi, yaani wakati cheche inapowaka.

Baada ya kutoa boti majini

*Gari langu huendeshwa na magurudumu yote manne. Nikiwa kwenye mteremko wa kutolea boti, nikitoka rivasi kwenda gia ya mbele nasikia "tak" ya chuma chini ya gari. Nikianza kwenda kuna "chi-chi-chi" ya haraka. Na sasa, kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, difu ya nyuma inalia kama filimbi. Je, ni ugonjwa mmoja?* — Dada mwenye boti ya mashine

Dada, ni miwili, na yote imeletwa na maji.

"Tak" na "chi-chi" ni krosi, kiungio cha propela ya gari: si ya boti, bali ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Propela huzunguka karibu mara nne gurudumu likizunguka mara moja, kwa hiyo mlio ulio wa haraka mno kuwa wa gurudumu ni wake. Egesha mahali tambarare, weka kigingi magurudumuni, gia huru, injini imezimwa. Ingia chini, shika propela kwa mikono miwili pande zote za krosi na uipindishe huku na huku. Mchezo wowote ndani ya krosi yenyewe ni mwingi. Angalia pia pembeni ya vikombe vyake vidogo: unga mwekundu wa kutu maana yake sindano za ndani (roli nyembamba za beringi yake) zimekauka. Ukipiga grisi mlio utanyamaza kwa siku kadhaa. Usidanganyike, sindano zilizolika hazirudi. Propela ikiwa ya vipande viwili, kagua na beringi ya katikati. Raba yake ikichanika, uzito wa tela unaoshusha nyuma ya gari hubadilisha pembe ya propela na utahisi mtetemo unapoondoka tu, kabla ya kilomita 40 kwa saa.

Filimbi ya difu, lile sanduku la gia katikati ya ekseli, ndiyo ya kushughulikia haraka zaidi. Ulipoingiza magurudumu ya nyuma majini difu ikiwa ya moto, ilivuta maji kupitia bomba lake la kupumulia au sili za ekseli, kama haba za tela zinavyofanya. Gari likishapoa, fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Huo mpangilio una sababu: ukishamwaga oili halafu nati ya juu ikagoma, gari halitoki hapo. Oili iliyogeuka nyeupe ina maji. Ute laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu si kawaida.

Kama ni maji tu, mwaga, jaza oili ya daraja lililo kwenye kitabu mpaka ifike kwenye mdomo wa tundu la kujazia, endesha kilomita chache bila tela, mwaga tena na ujaze upya. Mara moja haitoi yote. Filimbi ikibaki, sikiliza inalia lini. Ikilia unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoachia, meno ya gia yamelika au yamepoteza mpangilio. Ikilia wakati wote, ni beringi. Kabla ya safari nyingine ya majini, hakikisha bomba la kupumulia halijaziba, na ulirefushe kwa mrija wa raba mpaka juu kwenye chumba cha injini.

Dap-dap-dap

*Katikati ya safari tela lilianza kupiga "dap-dap-dap", likizidi kila dakika. Upepo wa tairi ulikuwa sawa kwa macho. Nilibaki kilomita 30 kufika nyumbani. Ningeendelea?* — Msomaji wa safari ndefu

Usiendelee hata kilomita moja. Mlio wa kupiga unaozidi haraka, tairi likiwa na upepo, mara nyingi ni tabaka la juu la tairi linaloachana na nyuzi za ndani. Simama mbali na magari, pitisha macho kuzunguka tairi lote, upande wa ndani pia, ukitafuta uvimbe au sehemu ya kashata (meno ya tairi yanayogusa barabara) iliyoinuka. Weka la akiba.

Kisha soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi za tela la boti huzeeka kwa kukaa, si kwa kutembea; zikifika miaka sita zitazame kwa shaka hata kama kashata ni mpya. Upepo pima kwa geji tairi likiwa baridi, ujaze kulingana na kibao cha tela, na kama hakipo, kulingana na mzigo na shinikizo lililoandikwa kwenye tairi lenyewe. Tairi dogo lenye upepo pungufu hupata joto ubavuni muda mrefu kabla halijaonekana limelala. Pima pia lile la akiba, ambalo kwa kawaida ni la umri uleule.